Herio ya Hinda

Kabla jua halijachomoza, Kaltun alikuwa ameshakoroga unga, amekoka moto na amepika anjera za nyumba nzima. Kisha alimfunga punda mkokoteni, akashuka mto Tana kuteka maji pamoja na majirani, akarudi, akavaa sare, akajitanda shela, akatoka mbio. Na bado shuleni alichelewa! Njia ya kutoka kwao, Iftin, mpaka shuleni haikuwa ndefu. Ila kila aliyekutana naye alikuwa na habari, na Kaltun hakuweza kupita habari bila kusimama.

Jumatatu hiyo, mwaka wa 1993, alikuta habari kubwa inamsubiri darasani. Mwalimu Abdihafid, aliyewafundisha ufundi darasa la saba, alikuwa amebandika karatasi pana ukutani.

"Mnajua ule uwanja nyuma ya Iftin?" aliuliza.

Nani asiyeujua? Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemaliza ng'ombe na ngamia. Familia nyingi zilitembea kutoka upande wa Wajir na mizigo yao juu ya punda, zikasimamisha herio zao hapo. Herio ni zile nyumba za kuhama, za vijiti vilivyopindwa na mikeka juu. Porini kila herio ina nafasi yake. Uwanjani zilibanana kama mbuzi zizini. Wiki tatu nyuma, cheche moja ya jikoni iliruka na upepo, na kabla watu hawajamaliza kupiga kelele, herio tisa zilikuwa majivu. Mtoto mmoja wa miaka miwili alitolewa ndani ngozi ikimbambuka. Kaltun alimsikia akilia, na kilio kile hakikumtoka masikioni siku nyingi.

"Shirika moja la misaada linataka nyumba ambazo familia hizi zitaweza kumudu," alisema mwalimu. "Nyumba za vitu vinavyopatikana hapa hapa. Na wamesema mchoro utoke kwenu. Vikundi vya watu watatu watatu. Kila kikundi kichague familia moja, kiongee nayo, kichore nyumba. Mchoro bora utajengwa Jumamosi. Lakini!" Akagonga meza. "Hakuna kuchora nyumba ya mtu kichwani mwako. Mwenye nyumba aulizwe, na aweke kidole chake kwenye karatasi. Na herio ni ya nani?"

"Ya mama!" darasa zima likajibu. Swali gani hilo? Kila mtoto wa Garissa alijua kwamba herio hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Anapewa na mama yake siku ya harusi. Akiachwa, anaivunja, anaipakia, anakwenda nayo. Mume anabaki na jua.

"Basi aulizwe mama," alisema mwalimu.

Kaltun akawa na Samsam, bingwa wa kuchora, na Abdijabar, mvulana mwenye mabega kama mlango, aliyezoea kupasua kuni na kubeba magunia. Saa nane kengele ilipolia, watoto walitimka kuelekea uwanjani kama maji yaliyovunja kingo, kila kikundi kikitaka familia ya karibu. Kikundi cha Kaltun na kikundi cha Kerrow vikafika mlango mmoja kwa pamoja.

"Hapa ni petu!" alisema Kerrow, na kumsukuma Samsam kifuani. Samsam akaanguka juu ya miiba ya ua, akapiga ukelele.

Abdijabar hakuuliza. Ngumi yake ilitua mdomoni mwa Kerrow, pap! Damu ikaruka juu ya shati jeupe. Wenzake Kerrow wakamvamia Abdijabar, mmoja shingoni, mmoja miguuni, vumbi likapanda. Kaltun naye hakubaki nyuma. Aliokota kiatu cha mtu akaanza kutwanga mgongo wowote uliokuwa karibu. Mwalimu alipowafikia, Kerrow alikuwa ameshika jino lake kiganjani, na Abdijabar alikuwa na alama za meno begani. Wote wakala viboko vinne vinne pale pale, mbele ya familia iliyogombaniwa.

Baba wa familia hiyo, mzee Abdiqani, alikuwa amekaa kivulini na miraa yake, akacheka mpaka akapaliwa. "Waryaa, vijana! Mnapigana kunijengea? Nawachagua hawa wenye huyu dume." Akamnyooshea kidole Abdijabar. Hivyo ndivyo walivyopata familia.

Sasa kazi ikaanza. Walipima uwanja kwa kamba yenye mafundo. Samsam akachora kuta za udongo, maana udongo haushiki moto. Nyumba ikapendeza kweli kweli, mpaka walipofika kwenye paa. Paa linataka mbao, na mbao Garissa hupatikana kwa wenye maduka, si kwa watu waliopoteza mifugo.

"Tumekwisha," alisema Abdijabar.

Kaltun alitazama herio ya mzee Abdiqani. Ndani yake ilisimama kwa vijiti vyekundu, laini kama pembe, vilivyopindwa vizuri kama upinde. Hizo ndizo dhigo, mizizi ya mgunga inayochimbwa na wanawake, kumenywa na kupindwa kwa moto. Wazo likamrukia, akaruka nalo.

"Dhigo! Zipo hapa hapa, tena bure! Tukishajenga ukuta herio ya nini tena? Tunazikata, tunaziweka juu, tunafunika kwa madebe ya mafuta yaliyopondwa. Nani atatushinda?"

Wakamwuliza mzee Abdiqani. Yeye akapunga mkono. "Chukueni, chukueni."

"Na mama?" aliuliza Samsam.

Mama alikuwa anaitwa Hinda. Kila siku alitoka alfajiri kwenda kukata kuni mbali na kurudi magharibi, wakati ambao Kaltun hakuruhusiwa kutoka nyumbani. Karatasi ilitakiwa Alhamisi asubuhi. Jumatano, Kaltun akiwa njiani kutoka dukani, alimwona Hinda akirudi mapema kuliko siku zote, mzigo wa kuni umemkunja mgongo, shoka kiunoni, na binti yake mdogo, Weris, ameshika nguo yake. Nafasi ndiyo hiyo. Kaltun alifungua mdomo.

"Eedo..." alianza, kwa heshima ya shangazi.

"Naa, binti, nipishe, mgongo unakatika," alisema Hinda.

Kaltun alipisha. Angeweza kumfuata, hatua ishirini tu. Angeweza hata kubeba kuni mbili tatu na kuuliza huku wakitembea. Hakufanya hivyo, na sababu haikuwa muda wala mzigo. Moyoni alijua Hinda angesema hapana.

Nyumbani alichukua kalamu ya wino, akaipasua, akapaka kidole gumba chake mwenyewe, akakibandika kwenye karatasi. Chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri: Mama Hinda amekubali.

"Umemwuliza?" Samsam alishangaa asubuhi.

"Nimemwuliza."

"Sema wallahi."

"Nishasema nimemwuliza! Mbona unaniapisha kama kadhi?"

Samsam akaichukua karatasi akaipeleka kwa mwalimu. Abdijabar yeye alifurahi tu. Aliwaamini wenzake.

Ijumaa mchoro wao ukatangazwa wa kwanza, maana hakuna kikundi kingine kilichopata paa la bure. Darasa lilipiga makofi, Kerrow akatema mate dirishani, na Kaltun akacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Jumamosi saa mbili walifika uwanjani na msumeno. Mwalimu Abdihafid alikuwa upande wa pili, akipima mahali pa ukuta na mtu wa shirika. Hinda alikuwa ameenda sokoni kuuza kuni. Mikeka ikafunguliwa, kamba zikakatwa, dhigo zikang'olewa moja moja ardhini.

Jirani mmoja mzee, bibi Ebla, alitoka kwake na fimbo. "Nyinyi watoto! Mwenyewe yuko?"

"Mwenyewe si mimi?" alisema mzee Abdiqani.

"Wewe?" Bibi Ebla alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Wewe una nini hapa isipokuwa hiyo miraa?" Akamwita mjukuu wake, akamwambia akimbie sokoni, asipumzike njiani.

Kaltun alisikia yote. Sema sasa, alijiambia. Lakini Abdijabar alikuwa ameshalaza dhigo ya kwanza juu ya jiwe, mguu wake juu, msumeno unakwenda: kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kijiti kikagawanyika mara mbili. Akachukua cha pili. Cha tatu. Alipofika cha saba, watu walianza kupisha njia.

Hinda alikuja mbio, shela imemtoka kichwani, pumzi zinamkwaruza. Alisimama mahali palipokuwa nyumba yake. Weris alikuwa amekaa juu ya rundo la mikeka, analia bila sauti. Hinda alitazama vipande chini. Alipiga magoti, akachukua viwili, akajaribu kuviunganisha, kama mtu anayejaribu kurudisha mguu wa mnyama uliovunjika.

"Mama yangu alizipinda hizi," alisema polepole. "Ng'ombe wote walikufa njiani. Ngamia walikufa. Hizi nilizibeba mwenyewe, mgongoni, kutoka Wajir."

Abdijabar, maskini, alikuwa bado ameshika msumeno. "Lakini eedo, si ulikubali..."

Hakumaliza. Hinda alisimama na kipande cha dhigo mkononi, akakizungusha kwa nguvu zake zote. Abdijabar aliinua mkono kujikinga. Mlio ulisikika uwanja mzima, mkavu, kama tawi linalovunjika. Mvulana alianguka akishika mkono uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, akapiga yowe ambalo Kaltun hakujua kwamba mtu mwenye mabega yale anaweza kulipiga.

Kuanzia hapo hapakuwa na watu tena, palikuwa na fimbo. Hinda alimgeukia mumewe, akamtandika mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, miraa ikamwagika. Ndugu za Abdiqani wakaja na bakora. Rage, kaka yake Hinda, alifika kutoka sokoni na wenzake watatu, akamkuta dada yake ameshikwa nywele. Akachomoa kisu. Mama yake Abdijabar naye aliletewa habari. Alipita katikati ya wanaume kama kifaru, akiokota mawe na kurusha. Jiwe moja lilimpata mtu wa shirika kwenye paji la uso, akakaa chini akiwa anashangaa damu yake mwenyewe. Watoto walikanyagwa. Chungu cha maziwa kikapasuka. Samsam alimvuta Abdijabar kwa kola mpaka nyuma ya punda, huku akilia, "Wataua mtu! Wataua mtu!"

Paa! Paa!

Mikono ikasimama hewani. Sajini wa polisi, mtu wa kutoka bara asiyejua neno la Kisomali, alikuwa amesimama na askari wawili, bunduki zimeelekea mbinguni, moshi unatoka.

"Kila mtu chini!" aliamuru. "Wewe, weka kisu chini! Nani amemvunja huyu mtoto?"

Vidole vyote vikamwelekea Hinda. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, na bado alikuwa ameshika kile kipande.

"Mama, kwa nini umempiga mtoto?"

Mwalimu Abdihafid akamtafsiria. Hinda akajibu kwa sauti ya chini. "Anasema wamemvunjia nyumba bila ruhusa, afande," alisema mwalimu, halafu akakunja uso. "Lakini... alitoa ruhusa. Karatasi ninayo hapa. Kidole chake hiki hapa."

Mzee Abdiqani alijisogeza mbele, mgongo unamuuma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kila "p" kwake ilikuwa "b". "Ndio, afande! Baba ya nyumba ni mimi. Hawa watoto ruhusa nimewabatia mimi, na huyu bia ameweka kidole!" Hakujua lolote kuhusu kidole kile, ila aliona kinamsaidia.

Hinda aliitazama karatasi. "Sijawahi kuiona hiyo," alisema.

"Mwongo!" walipiga kelele ndugu za mume. "Ametia kidole, sasa anakana!" Rage akanyanyuka tena, askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, wale wa upande wake wakaanza kuokota mawe upya.

"Mimi naona hivi," alisema sajini. "Alikubali, kisha akabadilisha mawazo akavunja mkono wa mtoto. Huyu mama anakwenda kituoni. Mfunge."

Pingu zikatoka. Weris akauona mkono wa mama yake unavutwa, akaning'inia kwenye nguo yake, askari akambandua kama kupe, mtoto akaanguka kwenye vumbi.

Kaltun alikuwa nyuma ya mkokoteni. Upande huu alimwona Abdijabar, mkono umevimba kama mguu, macho yamefumba. Upande ule watu mia wenye mawe. Akisema, mawe yatamgeukia yeye. Asiposema, Hinda analala kituoni na yule mtoto analala juu ya mikeka, na Rage atarudi na kisu, na Mungu ndiye anajua nani atazikwa kesho.

Alitoka.

"Ni changu," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya mkokoteni. "Kidole ni changu!" alipiga kelele, kwa Kiswahili, halafu kwa Kisomali, ili asibaki mtu asiyeelewa. "Mama Hinda hakuulizwa! Nilikutana naye njiani, nikaogopa atakataa, nikapaka wino kidole changu. Abdijabar hakujua. Samsam hakujua. Ni mimi!"

Alinyoosha kidole gumba. Siku tatu za kufua na kuosha vyombo hazikuwa zimeutoa wino wote kwenye ukucha.

Mwalimu Abdihafid alichukua karatasi, akaipima na kile kidole, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyepigwa yeye. "Kaltun," alisema. Hilo tu.

Rage aliruka. Fimbo ilikuwa juu tayari, na Kaltun alifumba macho akikunja kichwa mabegani. Alisikia ikitua, tap! lakini hakusikia maumivu. Alipofumbua, Hinda alikuwa amesimama mbele yake, ameikamata fimbo ya kaka yake kwa mikono miwili, pingu zikining'inia kwenye kifundo kimoja.

"Mtoto mmoja ameshavunjika leo," alimwambia. "Kwa mkono wangu. Hatavunjika wa pili."

Rage alivuta. Hinda hakuachia. Mwishowe Rage ndiye aliyeachia.

Sajini alizitoa zile pingu, akisema kwamba mambo haya ni mengi kuliko cheo chake, na akawaachia wazee na wazazi. Abdijabar akapelekwa hospitalini kutiwa plasta. Kaltun aliporudi nyumbani mama yake alikuwa ameshapata habari yote, na kwa siku mbili Kaltun alikula akiwa amesimama. Shuleni, mwalimu aliufuta ushindi wao mbele ya darasa lote. Kerrow alicheka, pengo lake likionekana, na safari hii hakuna aliyemrushia ngumi.

Wazee waliamua upesi. Upande wa Hinda ulichinja mbuzi kwa ajili ya Abdijabar. Na wale watatu, pamoja na mzee Abdiqani, walitakiwa walipe dhigo kwa dhigo, saba, kwa mikono yao wenyewe.

Ee, kazi ile! Kila siku baada ya masomo, Hinda aliwapeleka porini. Mizizi ya mgunga huchimbwa mahali ardhi ni ngumu kama sufuria, maana hapo ndipo inapokuwa mirefu. Kaltun alichimba mpaka malengelenge yakapasuka na mpini ukawa mwekundu. Samsam alimenya maganda, miiba ikimchana. Abdijabar, mkono shingoni, alilinda moto na kuwacheka. Mzee Abdiqani alibeba, akinung'unika njia nzima, kwa sababu usiku alikuwa analala chini ya mkokoteni. Hana nyumba, nani amkaribishe?

Ilikuwa siku ya nne, wakipinda mzizi wa kwanza juu ya makaa, ndipo Kaltun alipopata ujasiri.

"Eedo Hinda. Kama ningekuuliza siku ile... ungesema nini?"

Hinda aliegemea mzizi kwa uzito wake wote. "Shika huko. Usiachie. Ningesema herio yangu muiache."

"Na moto?"

"Moto unatoka wapi, naa? Unatoka kwenye herio?"

Kaltun alifikiri. "Unatoka jikoni."

"Basi. Nijengeeni jiko. Ukuta wa udongo, wa kufika kifuani, mviringo, mlango uangalie mbali na upepo. Mimi napika ndani, cheche zinabaki ndani. Paa la nini? Mbao za nini? Mnataka kunifungia kwenye boksi, na mvua ikinyesha Wajir mimi nitahama na ukuta?"

Watoto watatu walitazamana. Jiko! Udongo, maji na fito, basi. Kila mwanamke pale uwanjani angeweza kulimaliza kwa siku mbili.

Walikimbia kumwambia mwalimu, Kaltun mbele, akizungumza kabla hajafika. Mwalimu Abdihafid alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Nani amesema?"

"Hinda mwenyewe. Njoo umwulize."

Alikuja akamwuliza. Aliuliza pia bibi Ebla, na majirani wengine kumi na mbili, na wote wakasema jiko, ila bibi Ebla alitaka la kwake liwe na mahali pa kukalia. Wiki iliyofuata vikundi vyote vya darasa la saba vilikuwa na udongo mpaka viwikoni. Hata Kerrow alikanda, tena vizuri, na alipompita Abdijabar alimwachia ndoo nyepesi.

Siku herio ya Hinda iliposimama tena, dhigo saba mpya zilionekana nyeupe kati ya zile nyekundu. Jiko jipya lilikuwa linawaka kando yake, na upepo wa mchana ulivuma ukazunguka ule ukuta bila kupata cheche hata moja ya kuiba. Hinda aliwaita watatu wale wakae ndani, kwenye mkeka. Aliushika mkono wa Abdijabar, juu ya plasta.

"Nyinyi mlikata kabla ya kuuliza," alisema. "Na mimi nilipiga kabla ya kuuliza. Ningeuliza neno moja tu, 'nani amekwambia nilikubali?', mkono huu ungekuwa mzima. Nisamehe, mwanangu." Akamgeukia Kaltun. "Na wewe. Uliogopa neno 'hapana.' Ni neno dogo. Mtu akikwambia hapana unaumia siku moja, unatafuta njia nyingine. Ukimsingizia ndiyo, umemwibia mdomo wake. Umeona siku ile, mtu aliyeibiwa mdomo anazungumza kwa fimbo. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize. Na jibu lake lichukue kama lilivyo, hata likikuharibia mchoro."

"Nimesikia, eedo," alisema Kaltun. Alikuwa na mengine mengi ya kusema, lakini aliyameza.

Nje mtu alikohoa. Kivuli cha miguu yenye ndala kilionekana chini ya mkeka wa mlango.

"Hodi," alisema mzee Abdiqani, kwa sauti nyembamba.

Kaltun alishaanza kunyanyuka ili afungue. Akasimama. Akageuka.

"Eedo, aingie?"

Hinda alimweka Weris mapajani, akamfunga kitufe cha gauni.

"Mwulize kwanza," alisema, "ameleta maji?"

"Adeer," Kaltun alimwita, kwa heshima ya ami, "umeleta maji?"

Ndala zikasikika zikienda mbio kuelekea mtoni.